Kuzunguka visiwa kwa hela kidogo: kitanda hakikufilisi, boti ndo inakufilisi

Watu wakinifuata inbox kuhusu kuzunguka visiwa kwa bajeti ya kubana, wengi wanaanza na malazi, gesti ya bei rahisi iko wapi. Gesti utapata tu. Hela inaishia kwenye kuhama. Ufilipino peke yake ina visiwa 7,641, Indonesia imepita 17,000, sasa we una likizo ya wiki mbili unataka uguse visiwa sita, kila ukihama kuna nauli ya boti, kuna ada ya gatini, kuna pikipiki ya kukutoa gatini mpaka unapolala, na siku yenyewe imeshaliwa. Chagua viwili, vikizidi sana vitatu, na viwe jirani. Ukikaa siku nyingi sehemu moja na mwenye gesti unaweza kuongea naye bei, mtu wa usiku mmoja ataongea nini sasa.

Boti nazo karibu kila sehemu ziko za aina mbili, ya watalii na ya wenyeji. Mfano Bali kwenda Lombok kule Indonesia, kuna spidiboti zinazokimbia na kuna feri kubwa ya Padang Bai mpaka Lembar inayobeba mpaka malori, inachukua kama saa nne au tano ila nauli yake ukiilinganisha na ya spidiboti utacheka mwenyewe. Halafu bahari ikichafuka spidiboti inakupigisha mgongo balaa, feri inayumba tu taratibu. Ufilipino mi nazipenda zile meli za usiku, unalala kwenye vitanda vya ghorofa vimepangwa mstari mrefu sitahani, pembeni kuko wazi upepo unapita, watoto wanalia, mtu wa kitanda cha juu miguu yake iko usoni kwako, lakini asubuhi umefika na usiku huo hukulipia gesti. Beba shuka na sweta, kule baharini saa tisa usiku kuna baridi hata kama ni tropiki.

Hata Maldives ambayo kila mtu anajua ni ya matajiri, tangu 2009 gesti zimeruhusiwa kwenye visiwa wanavyoishi wenyeji, na kuna feri za umma za bei ya kawaida kabisa. Ila ujipange, Ijumaa feri nyingi hazitembei, pombe kwenye visiwa hivyo hakuna, na kuogelea na bikini ni kwenye ufukwe uliotengwa tu. Kama hayo hayakusumbui basi bahari unayoiona ni ileile ya wale wa hoteli kubwa.

Msimu ndo unashusha bei kuliko ujanja wowote, ila uelewe unachonunua. Thailand kwa mfano ina pwani mbili na mvua zake zinapishana, upande wa Phuket na Krabi mvua ni kama Mei mpaka Oktoba, na visiwa vya Similan vinafungwa kabisa katikati ya Mei mpaka katikati ya Oktoba, wakati huo upande wa Koh Samui na Koh Tao bado kuna jua la kutosha, wao mvua kubwa inawakuta Oktoba mpaka Desemba hivi. Kwa hiyo mtu wa likizo ya Agosti aelekee Samui. Na msimu wa mvua boti zinaahirishwa, nahodha akisema leo hatutoki usibishane nae, ndo maana nasisitiza usirudi bara siku hiyohiyo ya ndege. Rudi siku moja kabla, ulale karibu na uwanja, hiyo gesti moja ni nafuu kuliko tiketi mpya.

Kitu kingine ambacho matangazo hayasemi ni maji kupwa. Zile picha zote zimepigwa maji yakiwa yamejaa. Fukwe zenye miamba na kina kifupi, wakati wa bamvua, yaani mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji yanarudi nyuma huko unabaki unatembea kwenye mwani na mafungu ya mchanga, kuogelea unasubiri mpaka yajae tena. Kabla hujalipa gesti ya ufukweni muulize mwenyewe, maji yakitoka naogelea wapi? Akianza kuzungukazunguka, kalale ndani ndani huko ambako ni rahisi zaidi, uwe unatembea kwenda ufukwe mzuri.

Ziara za boti usichukue ya peke yako. El Nido kule Ufilipino zimepangwa kwa herufi, A, B, C na D, watu wanachangia boti moja, zile zenye mabawa ya mianzi kama ngalawa, na chakula cha mchana kimo humohumo. Ila kuna ada ya mazingira unalipa pembeni, iweke kwenye hesabu. Nunua miwani yako ya kuzamia, kukodi kila siku ni kupoteza hela na nyingi zinavuja. Shati la mikono mirefu la kuogelea nalo linaokoa losheni ya jua, na losheni zenyewe baadhi zimepigwa marufuku hifadhi za bahari za Thailand tangu 2021 sababu zinaua matumbawe, soma chupa.

Mwisho kabisa beba keshi, noti ndogondogo. Visiwa vidogo ATM ni moja au hakuna, na hiyo moja wikiendi inaweza kuwa imeisha hela. Simu na hela viweke kwenye mfuko usioingiza maji, sehemu nyingi hakuna gati, boti inasimama maji yakiwa kiunoni na we unashuka begi likiwa kichwani.