Kabla hujamshuku kijana wako, ipime mita ya pikipiki

Nina pikipiki mbili zinazofanya kazi ya boda hapa Tanga. Moja inapaki kijiwe cha Makorora. Ya pili anaiendesha mtoto wa dada yangu, anashinda Mabanda ya Papa na mitaa ya Ngamiani. Nazungumzia hiyo ya pili, kwa kuwa iliniponza nikamtuhumu kijana kwa jambo ambalo hakulifanya, na chanzo kilikuwa kidude kidogo cha chuma kwenye tairi la mbele.

Makubaliano yetu ni ya kawaida. Yeye ananiletea hesabu ya siku na mafuta ni yake, mimi oili na spea. Kila Jumapili jioni analeta pikipiki nyumbani, nami naandika kwenye daftari kilomita zinazosomeka kwenye mita, kile kifaa cha mbele chenye mshale wa spidi na namba za kilomita. Kwa miezi mingi zilikuwa zikicheza kwenye 800 kwa wiki. Halafu akaingia kwenye shimo, ringi ya mbele ikapinda, akaipeleka kwa fundi. Ringi ikanyooshwa, beringi zikabadilishwa, na ile gia ya mita iliyokuwa imevunjika ikatolewa, ikawekwa nyingine.

Wiki iliyofuata daftari likasoma 985. Inayofuata 1,010. Ya tatu 990. Hesabu anayoleta ni ileile.

Usiku nikakaa na kikokotoo. Kilomita karibu 200 za ziada kila wiki, zinakwenda wapi? Jibu nililojipa ni kwamba usiku anampa chombo deiwaka, yaani dereva wa kushikia kwa muda, wanagawana fedha, mimi nabaki kulipia oili na tairi. Nikamwita. Akaja, "Shikamoo mama mdogo," nikaitikia kwa kuuma meno na kumsomea mashitaka yake. Hakupandisha sauti. Akasema, "Mama mdogo, hiyo mita inakimbia. Nilikwambia siku ileile nilipotoka kwa fundi. Mshale unasoma 60 na bajaji zinanipita."

Na kweli alikuwa ameniambia. Nilimsikia nikiwa jikoni, nikajibu "haya", nikasahau. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, na ndiyo sababu ya kuandika.

Jirani yetu, mzee aliyeendesha malori miaka mingi, ndiye aliyenituliza. Alisema mita ni shahidi, na shahidi naye huhojiwa. Akatuelekeza twende tukapime kwenye nguzo za kilomita za barabara kuu. Jumapili asubuhi mapema, kabla malori ya saruji hayajajaa barabarani, tulitoka Kange kuelekea Pongwe na Muheza, kijana anaendesha, mimi nyuma na daftari. Tulisimama tairi la mbele likiwa sambamba na nguzo, nikaandika namba zote pamoja na ile ya mwisho inayohesabu mita mia mia. Tukahesabu nguzo kumi, tukasimama tena sambamba. Kwenye nguzo, kilomita 10. Kwenye mita, 12.4. Tukarudi kwa njia ileile, ikasoma 12.4 tena.

Gawanya 990 kwa 1.24. Unapata 798. Kijana wangu alikuwa anatembea kilomita zake 800 za siku zote. Nilimwomba radhi pale pale kando ya barabara, na jioni nikampigia dada yangu kumwambia, maana nilikuwa nimeshamlalamikia.

Kama una chombo mikononi mwa mtu mwingine, fanya kipimo hiki kabla ya kufungua mdomo. Chukua umbali mrefu, kilomita 10 au zaidi, kwa sababu kwenye kilomita moja kosa la kusoma namba ya mwisho linatosha kukudanganya. Pima kwenda na kurudi. Upepo wa tairi uwe sawa, kwani tairi lililolegea mzunguko wake hupungua kidogo na mita husoma zaidi. Pasipo nguzo, simu yenye programu ya ramani inafaa, ila iwe barabara ndefu na nyoofu. Ukizunguka na simu kwenye barabara za Ngamiani, kona nyingi zinakatwa na umbali unatoka pungufu. Kwa upande wa spidi, shika mwendo mmoja kwa sekunde kumi au zaidi, kwa kuwa simu huchelewa kufuata. Anayesoma simu awe abiria wa nyuma. Dereva macho yake ni ya barabarani.

Nilitaka kuelewa imekuwaje, na maelezo haya nimeyapata kwa kukaa gereji na kuuliza mpaka mafundi wakanizoea. Kwenye pikipiki nyingi za boda, ubavuni mwa tairi la mbele kuna kikombe chenye gia. Tairi likizunguka, gia inazungusha waya uliomo ndani ya mpira mweusi unaopanda hadi kwenye mita. Juu kule waya unafanya kazi mbili. Kwanza unazungusha sumaku. Sumaku iko ndani ya kikombe chepesi cha aluminiamu bila kukigusa, lakini mzunguko wake unakivuta, na springi nyembamba kama unywele inakizuia. Mshale umefungwa kwenye kikombe hicho. Ni ufundi wa Mjerumani Otto Schulze, aliyeupatia hataza mwaka 1902, na bado unatembea mitaani kwetu. Kazi ya pili ni kusukuma namba za kilomita, na hizo husukumwa kwa meno ya gia tu, hakuna sumaku.

Ukilielewa hilo unaweza kuujua ugonjwa kabla hujatoa hela. Mshale ukisoma chini na kilomita zikiwa sahihi, sumaku imechoka au springi imeharibika, na tatizo liko ndani ya mita. Mshale ukipanda vizuri na namba zikiwa zimeganda, meno ya ndani yamelika. Mshale ukitetemeka kama mwenye homa, waya umekauka au umekunjwa. Vyote viwili vikilala, waya umekatika au gia ya chini imekufa. Na vyote viwili vikizidisha kwa kiwango kilekile, kama yangu, basi kinachozungusha waya si cha pikipiki hiyo. Gia za mita zinafanana kwa nje, meno yake hayalingani. Ya kwangu ilikuwa ya aina nyingine ya pikipiki. Ilikaa vizuri, ikafungwa vizuri, na ikazungusha waya mara nyingi kupita inavyotakiwa.

Tairi nalo huchangia. Mita imepangwa kwa mzunguko wa tairi lililotoka kiwandani. Tairi la 2.75-18 (unene inchi 2.75, ringi inchi 18), kwa hesabu ya namba zake, kila likizunguka mara moja linatembea mita 1.87 hivi. Ukiweka ringi ya 17 na tairi la 2.75, mzunguko mmoja ni karibu mita 1.80. Kilomita 100 za kweli zitasomeka zaidi ya 104. Ukipandisha kutoka 2.75-17 kwenda 3.00-17, mambo yanageuka: mita inasoma pungufu kwa asilimia mbili hivi. Ni kidogo, lakini ujue.

Pikipiki mpya zenye mita ya umeme zina tabia nyingine. Baadhi zinachukua habari kwenye gia boksi, mahali pa kutokea mnyororo. Ukibadilisha sproketi ya nyuma, lile gurudumu la meno linalovutwa na mnyororo, ya meno 42 ukaweka ya 45 ili ipande vilima, spidi na kilomita zitazidi kwa asilimia 7, maana mita haijui kwamba umebadilisha. Na tairi la nyuma likiteleza kwenye tope la masika, mita inahesabu kuteleza kule kama safari. Nilimsimulia hayo mpwa wangu mwingine anayeishi Canada, akaniambia huko wana pikipiki za theluji zisizo na tairi, zina mkanda mpana wa mpira unaosukuma theluji kwa nyuma na vitu kama malapa mawili ya kutelezea mbele. Mita zao kwa kawaida hupima mzunguko wa mhimili unaoendesha mkanda huo. Kwenye barafu au theluji laini mkanda ukizunguka bila kushika, mshale unapanda na chombo hakijasogea kiasi hicho. Nao, kama sisi, wakibadilisha meno ya kuendeshea mkanda, mita inapotea hesabu. Niliona ajabu kwamba wenye theluji na sisi wenye jua la Raskazone hapa Tanga tunalalamikia kitu kimoja.

Jambo moja usilichanganye na ubovu. Mshale wa spidi hata wa chombo kipya husoma juu kidogo, na ni kwa makusudi. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 39, inayofuatwa na watengenezaji wengi, inakataza mita isisome chini ya mwendo wa kweli. Kwa magari inaruhusu izidishe hadi asilimia 10 na juu yake kilomita 4 kwa saa. Kwa hiyo simu ikisoma 50 na mshale 54, usimsumbue fundi. Ikisoma 50 na mshale 62, nenda. Na mshale ukisoma 50 wakati simu inasema 55, nenda siku hiyohiyo, kwa sababu mita ya namna hiyo ndiyo inayomfanya kijana apigwe tochi ya spidi ya trafiki kwenye eneo la 50 huku akiapa kwamba hakuzidisha. Faini ya pikipiki, iliyoshushwa mwaka 2021 kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000, utailipa tu, na kiapo hakirudishi hela. Zaidi ya faini, kuna watoto wanaovuka barabara.

Oili ndipo wenye boda wengi tunapoumia bila kujua. Chukulia unamwaga kila kilomita 2,000. Mita ikizidisha kama yangu, unamwaga kwenye 1,600 za kweli, unapoteza fedha. Ikipunguza kwa kiwango hicho, injini inakwenda karibu 2,500 na oili imeshakuwa maji meusi. Mita iliyokufa kabisa ndiyo mbaya zaidi, na vijiweni ni nyingi. Utasikia "mita ya nini, mimi naijua pikipiki yangu". Waya wa mita ni katika spea za bei ndogo kabisa kwenye chombo kizima. Hapa Tanga, kwa chumvi ya bahari, waya unashika kutu mapema. Kila baada ya miezi michache chomoa waya wa ndani, ufute, upake grisi kidogo, lakini sehemu ya juu inayoingia kwenye mita iache kavu, grisi isipande ikaua mita yenyewe.

Na ukienda kununua pikipiki iliyotumika, namba za kilomita zisikupe usingizi. Boda inayotembea 800 kwa wiki inamaliza zaidi ya 41,000 kwa mwaka. Mita ya tarakimu tano ikifika 99,999 inarudi sifuri, kwa hiyo ndani ya miaka miwili na nusu chombo kinaweza kusoma kama kimetoka dukani bila mtu yeyote kukichezea. Na kuna wanaokichezea. Mimi siku hizi naangalia raba ya kukanyagia gia, raba ya kiki, meno ya sproketi, na naitikisa tairi ya nyuma kushoto na kulia kusikia kama bushi zimelegea. Raba iliyolika hadi chuma na mita inayosoma 9,000, mmoja wao anasema uongo.

Gia ya kufaa tuliipata baada ya wiki mbili. Tulirudi kwenye nguzo zilezile za Pongwe, kilomita 10 zikasoma 10.1. Namba hiyo nimeiandika kwa wino kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, pamoja na tarehe, na kijana ameweka saini yake pembeni ya yangu. Kila tairi la mbele likifunguliwa, tunapima upya. Juzi alinikumbusha mwenyewe: "Mama mdogo, nimebadilisha tairi, Jumapili tunakwenda Pongwe?" Nikamwambia aje saa kumi na mbili, chai itakuwa tayari.