Mke wangu ana mimba ya wiki 7, nianzie wapi?

Hongera mdogo wangu. Umesema uko Micheweni, Pemba, mkeo ana wiki 7 na kila akila anatapika. Asubuhi mpelekee kipande cha boflo (mkate) kavu kitandani, ale kabla hajainuka, husaidia. Kliniki msingoje tumbo lionekane. Nendeni pamoja kabla ya wiki 12, apimwe damu, presha na mkojo. Vidonge vya kuongeza damu asivimeze kwa chai, chai inavizuia kufanya kazi.

Linalonikaa moyoni zaidi ni akizidiwa usiku. Zungumza leo na jirani mwenye gari, namba yake ibandike ukutani, na pesa ya mafuta iweke mbali, usiiguse hata msimu wa karafuu. Akitoka damu au tumbo likimkata sana, ondokeni saa hiyohiyo kwenda hospitali.