Si kila faru ni wa savana
Aliyeuliza kama faru wote huishi savana: hapana, inategemea ni faru yupi, maana wako wa aina tano. Faru weusi wa kwetu ni wa vichakani zaidi. Mdomo wao wa juu umechongoka, wanautumia kuchuma majani na vijitawi, ndiyo maana sehemu kama Mkomazi na Tsavo zinawafaa. Wale wanaoonekana peupe Ngorongoro ndio wanaotupotosha! Namibia wapo hadi jangwani. Wa nyasi hasa ni faru weupe, na wengi wao wako Afrika Kusini.

Asia ni habari nyingine. Faru wa India anapenda mabonde ya mito yenye nyasi zinazompita mtu urefu: Kaziranga kando ya mto Brahmaputra, na Chitwan kule Nepal. Anaogelea vizuri sana. Wa Sumatra, mdogo kuliko wote na mwenye manyoya, yuko kwenye misitu minene ya mvua. Wa Java porini amebaki sehemu moja tu, Ujung Kulon, ncha ya magharibi ya kisiwa hicho; wa mwisho wa aina hiyo kule Vietnam alikutwa amekufa mwaka 2010, pembe imeshakatwa.