Idadi ya nyangumi haiogelei

SWALI: Ninatafsiri ripoti ya watafiti wa nyangumi. Nimeandika, "Idadi mbili za nyangumi zinaishi katika bahari hiyo." Mwenzangu anadai nimekosea, ila hanielezi kosa liko wapi. Je, lipo?

JIBU: Lipo. Idadi ni kiasi: hupanda, hushuka, hukadiriwa. Haiogelei wala haizai. Mfano ni vakita, mnyama mdogo anayefanana na pomboo, aishiye Ghuba ya California nchini Mexico tu. Mwaka 1997 walikadiriwa kuwa 567. Siku hizi wamebaki kama kumi hivi, kwa sababu hunaswa na kufa katika majarife ya wavuvi. Hapo "idadi ya vakita imepungua" ni sawa kabisa. (Imepungua, si wamepungua, kitenzi kinafuata idadi.)

Ripoti yako, nadhani, inazungumzia wanyama wenyewe: wale wanaozaliana wao kwa wao na kujitenga na wengine. Hao mimi ningewaita jamii. "Kundi" lingepotosha, maana msomaji ataelewa wale wanaoogelea pamoja, mama na wanawe, na jamii moja huwa na makundi mengi.

Tofauti hiyo si ya kamusi tu. Katika miaka ya 1970, mtafiti Michael Bigg na wenzake walianza kuwatambua orka (nyangumi wauaji) wa pwani ya magharibi ya Kanada mmoja mmoja, kwa picha za pezi la mgongoni na baka la kijivu lililo nyuma yake. Ikaja kubainika kwamba maji yaleyale yana jamii ambazo hazizaliani moja na nyingine: moja hula samaki, hasa salmoni, nyingine huwinda sili na pomboo. Ukiziita "idadi mbili", msomaji atasubiri tarakimu.

Utaambiwa kwamba "jamii" hutumika pia kwa aina, kama tusemavyo wanyama wa jamii ya paka. Ni kweli, lakini kwa maana hiyo ripoti ya kisayansi itumie "spishi", nawe ufafanue "jamii" inapotajwa mara ya kwanza.

Pia, nyangumi ni "hawa", kamwe si "hizi". Na kwa kuwa muda mwingi wako chini ya maji, "wamekadiriwa" ni salama kuliko "wamehesabiwa".

Andika hivi: "Katika bahari hiyo zinaishi jamii mbili za nyangumi, na idadi ya kila jamii hukadiriwa peke yake."