Uliza Ujibiwe: X ya kijani, njia nane na kiwanja cha Soga

SWALI: Habari za kazi. Nimepata kiwanja Mlandizi, kiko barabarani kabisa, dalali anasema hapo ni kujenga fremu tu unaanza kula kodi. Ila jirani mmoja ukuta wake una X nyekundu, mwingine X ya kijani. Si kijani maana yake yuko salama? (Mama wa wawili, Kibaha)

JIBU: Dada yangu, bora umeuliza hela ikiwa bado mfukoni. Kijani sio salama, huyo anasubiri tu siku yake. Iko hivi, zamani hifadhi ya barabara kuu, yaani eneo la pembeni lililotengwa kwa ajili ya barabara, ilikuwa mita 22.5 kila upande kuanzia katikati ya barabara, ikaja Sheria ya Barabara ya 2007 ikasogeza mpaka mita 30. Aliyejenga ndani ya zile 22.5 anahesabika kavamia, anapigwa nyekundu, anavunja mwenyewe au anavunjiwa na hapati hata mia. Aliyekuwa nje yake halafu mita 7.5 za nyongeza zikamkuta nyumbani kwake, huyo barabara ndo imemfuata, kwa hiyo anapigwa kijani, siku eneo likihitajika analipwa kwanza ndo anapisha. Sasa wewe unanunua leo, sheria ina miaka na miaka, ukiinua fremu mpya ndani ya hizo 30 usitegemee kijani.

Halafu Morogoro Road, ndo hiyo inayopita Mlandizi, nayo ina mambo yake, usishike hizo 30 kama ndo mwisho. Kuna sehemu za kuanzia Ubungo kuja huko hifadhi ni mita 121.5 kila upande, yaani zaidi ya urefu wa uwanja wa mpira, na ndo iliyowaliza watu wa Kimara na Mbezi kwenye bomoabomoa ya 2017. Mimi bomoabomoa siipendi kabisa, ila nikiwa mkweli, bila upana ule uliotengwa kabla Kimara haijawa mji, zile njia nane za Kimara hadi Kibaha zisingepita. Kosa naliona pale ambapo mstari ulichorwa kwenye karatasi halafu ukaachwa bila mlinzi, watu wakajenga, wakavutiwa umeme na maji humo humo, wakazeekea hapo, ndo wanakumbushwa.

Kwa hiyo usipime kwa hatua. Nenda TANROADS, wakala wa barabara, mkoa wa Pwani ukaulize hifadhi ni mita ngapi hapo hapo kwenye kiwanja chako, kisha ofisi ya ardhi ya halmashauri uangalie mchoro wa mipango miji. Muhuri wa serikali ya mtaa peke yake haukusaidii kitu. Na kwa wale wenye haki ya fidia, msiishie kuhesabu matofali, kuna thamani ya ardhi, posho ya usumbufu, kodi ya pango ya miezi 36 na usafiri wa mizigo tani 12 mpaka kilomita 20. Wengi wanasaini hawajasoma.

SWALI: Kimara hadi Kibaha njia nane na foleni bado ipo. Kwanini wasiweke hata kumi na mbili tumalize? (Dereva, Mbezi)

JIBU: Kaka, hazitatosha, na ukizimaliza utaomba ishirini. Ile barabara ni kilomita 19.2, ikifika Kibaha inabanwa, magari yote yaliyokimbia njia nane yanakutana mlangoni. Halafu angalia watu. Sensa ya 2012 mkoa wa Pwani ulikuwa na watu kama milioni 1.1, ya 2022 ikakuta zaidi ya milioni 2, wakati Dar yenyewe ilitoka milioni 4.36 kwenda 5.38. Kasi kubwa iko huku pembeni, na huku wanalala tu, kazi iko mjini.

Piga hesabu, njia moja ikitembea vizuri inapitisha magari kama 2,000 kwa saa, kila gari weka watu wawili (nimekupendelea hapo, wengi wako peke yao), ni watu 4,000. Njia hiyo hiyo ipe mabasi ya mwendokasi yale marefu ya watu kama 150, moja kila dakika, unapata 9,000. Sasa barabara maalumu ya mwendokasi ya awamu ya kwanza, iliyoanza kazi 2016, inaishia Kimara, na mji umeshahamia mbele. Najua mtanirushia mawe kwamba mabasi yenyewe hayatoshi na mto Msimbazi ukijaa Jangwani hapapitiki, ni kweli kabisa, ila hapo dawa ni mabasi na daraja, sio njia ya tisa.

SWALI: Nijenge Soga niwe naenda kazini Posta na SGR, treni ya umeme? (Kijana wa Pugu)

JIBU: Inawezekana mdogo wangu, kituo kipo, abiria wa Dar na Morogoro wanasafiri tangu Juni 2024. Ila ile ni treni ya masafa, angalia ratiba kwanza maana sio kila treni inasimama kila kituo, na saa za kazi zako haziwasubiri. La pili ambalo madalali hawasemi, reli ile ina uzio, huwezi kukatiza popote. Kiwanja unaweza kukiona kwa macho ukiwa kituoni na bado bodaboda akuzungushe mpaka kwenye kivuko, kwa hiyo uliza kivuko kiko wapi kabla hujauliza bei.