Saa ya mkononi haijui macho yako yanaona nini

Namba ya mwanga unayoikuta jioni kwenye saa janja yako ni ya mwanga uliofika kwenye kifundo cha mkono. Saa ya mwili, ile inayopanga usingizi, inaongozwa na mwanga unaoingia machoni, na viwili hivi hupishana sana. Mimi ni muuguzi wa zamu za usiku hapa Mombasa. Usingizi wangu wa mchana unategemea mwanga nilioupata na saa niliyoupata, kwa hiyo jambo hili nalichukulia kwa uzito.

Tuanze na nguo. Sisi tunaovaa buibui, mkono wake unafika karibu na vidole. Asubuhi nikitoka kazini navuka feri ya Likoni jua likiwa bado chini, linatokea upande wa bahari na kunipiga usoni. Mwanga huo ndio unaouambia mwili kumekucha, wakati mimi nakwenda kulala. Saa iliyofunikwa na mkono wa buibui inaandika giza. Nikiivaa juu ya kitambaa, mstari wa grafu kwa safari hiyohiyo unapanda ghafla. Kanzu na shati la mikono mirefu hufanya vivyo hivyo.

Adhuhuri mambo hugeuka. Huku kwetu karibu na ikweta jua la saa sita liko utosini. Ukikaa nje na mkono umeulaza mezani, kioo cha saa kinatazama juu na kupokea jua lote, pengine luksi 100,000 (luksi ni kizio cha kupimia mwanga unaofika mahali), ilhali macho yako yanatazama mbele, yakikingwa na nyusi na paji la uso. Ofisini ni hivyohivyo. Taa ziko darini, saa inazitazama, wewe unatazama ukuta au kompyuta. Machoni mara nyingi hufika nusu ya mwanga ulioko mezani, au pungufu. Kwa hiyo saa hiyohiyo inakupunja asubuhi na kukuzidishia mchana, na hakuna namba moja ya kuzidishia itakayosahihisha yote mawili.

Mapendekezo ya wanasayansi yaliyochapishwa mwaka 2022 yanazungumzia mwanga wa machoni: angalau luksi 250 mchana, usiozidi 10 katika saa tatu za mwisho kabla ya kulala, usiozidi 1 ukiwa umelala. Kwa mtu aliyekaa, kipimo huelekezwa mbele kikiwa kwenye kimo cha mita 1.2 hivi. Tena hizo si luksi za kawaida, bali zinahesabiwa kwa jinsi saa ya mwili inavyouitikia mwanga. Luksi ya kawaida hufuata uono wetu wa mchana, ambao una nguvu zaidi kwenye kijani cha nanomita 555 (nanomita hupima urefu wa wimbi la mwanga, ambao ndio huamua rangi). Chembe za retina, utando ulio nyuma ya jicho, zinazoongoza saa ya mwili zina melanopsini, protini inayohisi mwanga, na huitikia zaidi mwanga wa buluu wa karibu nanomita 480 hadi 490. Balbu ya LED ya njano ikisomeka luksi 100, kwa saa ya mwili ni kama nusu yake. Ile nyeupe kali inaukaribia mwanga wa mchana. Kihisi kinachotoa luksi peke yake huziona balbu hizo mbili sawasawa, ndiyo maana vifaa vya utafiti huwekwa vihisi vya rangi kadhaa.

Jihadhari pia na wastani wa siku. Chukua mtu aliyekaa ndani kwenye luksi 100 kwa saa kumi, akatoka juani dakika 10 tu kwenye luksi 60,000. Wastani wake utapita luksi 1,000, na programu itampongeza, ingawa karibu siku nzima alikuwa gizani kwa kipimo cha mwili. Mimi wastani siuangalii kabisa. Natafuta ni dakika ngapi nilikuwa juu ya 250, na zilikuwa saa ngapi.

Ukitaka kujua saa yako inapotoka kwa kiasi gani, nunua kipima mwanga cha kawaida, kile chenye kikombe cheupe juu ya kihisi. Kikombe hicho hukusanya mwanga unaotoka pembeni, ambao kioo cha saa hupoteza sehemu yake. Kiweke karibu na jicho, kielekee unakotazama, kisha linganisha na saa kwenye sehemu unazokaa sana: jikoni, kazini, kwenye daladala au matatu, barazani. Simu yenye programu ya kupima luksi inasaidia kidogo, mradi uishike usawa wa jicho na kidole kisizibe kihisi kilicho karibu na kamera ya mbele. Andika tofauti unazoziona. Ukiweza kukibana kihisi kifuani au kwenye fremu ya miwani, fanya hivyo. Karibu na jicho ni bora kuliko mkononi.

Usiku usiitegemee saa hata kidogo. Mkono ukiwa chini ya shuka, itasoma sifuri hata kama taa ya korido inakumulika usoni. Na ukimwona daktari kuhusu usingizi, usimpelekee grafu peke yake. Mweleze zamu zako, ulivaa nini, saa ilikuwa juu au ndani ya nguo, na taa za chumbani kwako ni za rangi gani.