Kabla hujapanda ndege: maswali yenu ya kazi za nje

Ajenti mmoja hapa tao anataka elfu themanini ya visa na tiketi niende kazi ya nyumba Riyadh. Nitoe? (Dada, Kayole)

Usitoe dadangu. Kazi ya nyumba Saudia, visa na tiketi ni juu ya mwajiri. Ingia tovuti ya National Employment Authority, mamlaka ya serikali ya ajira, utafute hiyo kampuni kwa orodha ya walio na leseni, na usome jina herufi kwa herufi juu matapeli wanapenda majina yanayofanana. Alafu mkataba: sheria yetu Kenya ya ajira ya 2007 inasema mkataba wa kazi ya nje lazima upitie kwa afisa wa leba, kwa hivyo ukiambiwa utasainia airport, rudi nyumbani.

Bosi akichukua pasipoti inakuwaje? (Mama Shiru, Pipeline)

Saudia yenyewe imekataza mwajiri kushika pasipoti ya mfanyakazi, lakini wewe uko ndani ya nyumba ya mtu, utamlazimisha aje? Jipange ukiwa bado hapa. Piga picha pasipoti, visa na kila ukurasa wa mkataba, zitume kwa watu wawili walio nyumbani. Binamu yangu aliandika namba ya ubalozi wetu Riyadh kwa biro ndani ya pindo la dera, na hiyo ndiyo ilimuokoa, maana simu walimnyang'anya siku ya kwanza tu na alikaa miezi mitatu bila kusikia sauti ya mamake. Nikikumbuka hizo miezi bado naumia.

Si kafala, ule mfumo wa kukufunga kwa mwajiri mmoja, iliisha? Nataka kubadilisha mwajiri. (Niko Jeddah)

Pole sana. Mageuzi ya Machi 2021 yalisaidia wafanyakazi wa makampuni, makadama, yaani wafanyakazi wa nyumba, na madereva wa nyumbani wakaachwa nje, na hapo ndipo watu wetu wengi wako! Usitoroke kwanza, ukitoroka bosi anakuripoti huroob, yaani mtoro, unabaki bila makaratasi. Anza na maktab, ile ofisi ya ajenti huko Saudia iliyokupeleka kwa bosi, wakikupuuza piga ubalozi. Lakini kama unapigwa, toka, makaratasi yatafuatiliwa baadaye.

Na kastama kea Thailand, mshahara mzuri, naenda na visa ya utalii? (Kijana, Umoja)

Hapana. 2022 Wakenya walipewa ahadi kama hiyo hiyo, wakavushwa mpaka hadi Myanmar, wakafungiwa na kulazimishwa kutapeli watu mtandaoni. Kazi ya halali inakuja na visa ya kazi. Nionyeshe hiyo meseji waliyokutumia kabla hujawajibu tena.